Kisigino Awafundisha Maprofesa Kutembea

Mume wangu hakuwa mtu wa kutazama gwaride. Alilisikiliza. Alisimama pembeni mwa uwanja akawapa kadeti mgongo, macho ardhini, na mmoja katika kundi zima akichelewesha mguu, yeye alisema bila kugeuka ni wa mstari gani na anasimama karibu na nani. Ndiyo maana vijana wakambandika jina la Kisigino. Walidhani halijui. Alilijua, na alilipenda kuliko cheo chake, kwa sababu masajenti walikuwa wengi na Kisigino alikuwa mmoja.

Tuliishi nje ya lango la nyuma la chuo cha maafisa wa jeshi, vyumba viwili na baraza moja, na baraza hiyo niliigeuza karakana yangu. Mimi ni dobi. Nimepiga pasi suruali nyeupe za kadeti tangu nikiwa bibi harusi mpaka magoti yangu yakaanza kulalamika, kwa hiyo mtu asije akanisimulia habari za jeshi. Najua vijana wanavyoingia wamevimba na wanavyotoka wamenyooka. Waliolia kwa siri nao nawajua, maana foronya zao zilipita mikononi mwangu.

Ng'ambo ya barabara kuna chuo kingine, kile cha mawe. Kuta zake zimefunikwa na mmea unaotambaa, nao wanaujivunia mmea huo kama mzee anavyojivunia ndevu. Ndani kuna uwanja wa majani ambao mwanafunzi haruhusiwi kuukanyaga, wanaukanyaga maprofesa peke yao. Katikati ya ua kuna bwawa la mawe, la duara, kina kifupi ukingoni na kirefu katikati. Waliosoma pale ndio wanaokaa mahakamani, wizarani na kwenye mabenki, na mtu akishapita pale, hata akiwa mjinga, ni mjinga wa kuamkiwa.

Mtaani kwetu watu hawakuchoka kuvilinganisha vyuo hivi viwili. Wazazi waligombana juu yake wakiwa kwenye foleni ya maji. Wapi mtoto anatengenezwa vizuri zaidi, huku kwenye kelele au kule kwenye ukimya? Huku anafundishwa kutandika kitanda, kule anatandikiwa. Huku akikosea anakosea na kundi zima linakimbia, kule akikosea anakosea peke yake. Fundi viatu, jirani yetu, alikuwa na jibu lake moja ambalo alilirudia kwa kila mteja: jeshini wanakutukana ukasikia, kule wanakutukana ukasema asante. Tulicheka sana. Siku hizo tulikuwa tunacheka.

Mungu alitupa mtoto mmoja, wa kiume. Tangu ameanza kusema alikuwa anauliza, basi tukamwita Maswali. Kwa nini mguu wa kushoto ndio unaanza? Kwa nini kofia zinavuliwa ndani? Nani aliamua? Baba yake, ambaye kadeti walitetemeka akikohoa tu, alikuwa anakimbilia chooni kumkwepa. Maswali alikua mrefu, mkavu, mwenye meno mazuri, na alipomaliza shule akapata nafasi vyuo vyote viwili. Mwenyewe alilitaka jeshi.

"Baba, nimekulia kwenye lango hili," alisema tukiwa mezani. "Nataka na mimi niingie."

"Huingii," Kisigino akamjibu. "Mtu atakayekupigia kelele mle ndani ni mtu kama mimi, na mimi najijua."

"Sasa ng'ambo si ndiyo hivyo hivyo?"

"Ng'ambo hawapigi kelele. Nenda kule ukaulize maswali yako, ndiyo kazi yao."

Hiyo ndiyo ilikuwa akili ya mume wangu. Alikuwa amewaona vijana wengi mno wakivunjwa, wengine kwa mdomo wake mwenyewe, na hakutaka wa kwake avunjwe. Tukamnunulia sanduku, nikampigia pasi mashati yote, tukavuka barabara naye hadi kwenye lango la mawe. Mlinzi alitwambia wazazi wanaishia hapo.

Kule wana desturi ya kuwapokea wapya. Asubuhi ya kwanza ya muhula mwanafunzi mpya anavalishwa joho, lile zito la sherehe, kisha anaingia bwawani mpaka maji yamguse kiunoni na kutaja majina ya waasisi wa chuo, wote, kwa mpangilio. Akikosea, anasogea hatua moja kuelekea katikati. Wakubwa zake wanasimama ukingoni wakicheka na kupiga makofi. Wameifanya hivyo tangu enzi na enzi, na waziri akikutana na jaji wanakumbushana walikosea wapi.

Maswali hakukosea majina. Aliuliza. Aliuliza kwa nini wanafanya vile, na wao wakasema swali nalo ni kosa, sogea. Akauliza nani kasema swali ni kosa, wakamwambia asogee tena. Hakujua kuogelea, na joho likishalowa linavuta chini. Haya alitueleza mwenzake wa chumba, ambaye baadaye alikihama chuo kile. Alituambia pia kwamba mlezi wa bweni lao alikuwa dirishani ghorofa ya kwanza, na kikombe mkononi, anatazama.

Chuo kikatoa tangazo. Walisema ni ajali, iliyotokea kwa sababu mwanafunzi aliyakaribia maji bila ruhusa. Bila ruhusa! Nilisomewa maneno hayo na nikayashika kwa moyo siku ile ile, na mpaka leo nikiyakumbuka nasikia damu inanichemka mpaka masikioni.

Tulipokwenda kuchukua sanduku lake, yule mlezi wa bweni alitupokelea mlangoni. Mtu mwembamba, miwani, sauti ya chini kama anaongea na mgonjwa. Hakutukaribisha ndani. Alilisukuma sanduku kwa mguu likavuka kizingiti, akasema, "Poleni," akafunga mlango taratibu sana, usitoe hata sauti.

Siku ya mazishi chuo cha mawe kilileta shada la maua. Lililetwa na dereva ambaye hata gari hakulizima. Hakuja profesa, hakuja mwanafunzi wa kutumwa, hakuja mtu. Waliokuja ni kadeti. Hawakuamriwa, kwa sababu Maswali hakuwa mwanajeshi na jeshi halikuwa na deni lolote kwake, lakini walikuja na soksi zao nyeupe na glavu nyeupe, wakambeba mtoto wa Kisigino. Walimpeleka kwa mwendo wa pole, wanne huku na wanne huku, kofia kifuani, vichwa vimeinama, ngoma imefunikwa kitambaa cheusi ili sauti yake itoke imekufa. Kisigino alisimama akiwapa mgongo, anasikiliza. Hakuna aliyekosea.

Sisemi kwamba jeshini ni kwa malaika. Nimefua mashati yenye damu mimi. Lakini huko nyuma kadeti mmoja aliwahi kuzama mtoni kwenye zoezi, na mkufunzi wake alisimamishwa mbele ya mahakama ya jeshi, na mkuu wa chuo cha maafisa alikwenda akasimama kaburini mbele ya mama wa marehemu, akamwangalia machoni. Kule ng'ambo hakuna aliyewahi kuniangalia machoni. Na mimi kuanzia siku ile nilitaka kitu kimoja tu duniani: chuo kile kitembee nyuma ya mwanangu, wote, na majoho yao, kama walivyopaswa kutembea siku ile. Nilikuwa natembea na jambo hilo kila mahali, napiga nalo pasi, nalala nalo.

Ikapita miaka mitatu. Kisigino akastaafu, akawa anakaa barazani ananikunjia mashuka kwa ukali, pembe kwa pembe. Ndipo gari la chuo cha mawe lilipokuja likasimama mbele ya nyumba yetu.

Akashuka binti mmoja mwenye adabu zake, katibu wa Mkuu wa Chuo. Tukampa kiti, nikampa chai. Akaeleza shida yao huku akiona haya. Mwaka uliopita, kwenye maandamano ya mahafali, profesa aliyebeba fimbo ya heshima alikanyaga joho la mwenzake wa mbele, na watu sita wakaenda chini pamoja na fimbo. Video ikasambaa kwenye simu za watu mpaka za watoto wa shule. Na mwaka huu mgeni rasmi ni Jenerali, kwa sababu vyuo viwili vinataka kutia saini makubaliano: kadeti wawe wanapata shahada ya chuo cha mawe. Mkuu hataki aibu mbele ya wanajeshi. Wameulizia jeshini nani anajua kufundisha watu kutembea, wametajiwa sajenti mstaafu.

Alikunywa chai ile chini ya picha ya Maswali iliyotundikwa ukutani. Hakuuliza ni nani. Hakutumwa kujua, na kule hakuna aliyekumbuka kumwambia.

Gari lilipoondoka, Kisigino akasema, "Siendi. Mguu wangu haukanyagi pale."

Mimi nilikuwa na pasi mkononi. Nikaiweka chini. "Utakwenda," nikamwambia. "Utakwenda na utawafundisha mwendo wa Maswali."

Alinielewa hapo hapo. Nilimwona anavyobadilika rangi. Kwa mume wangu kwata, huo mwendo wa gwaride, ilikuwa ibada, na ndani ya ibada hiyo kulikuwa na jambo moja la kuogopwa kuliko yote.

"Mama, hatua ya mazishi haichezewi."

"Nani anacheza? Maiti si ipo?"

"Wao hawajui kama ipo."

"Ndiyo shida yangu hiyo."

"Jenerali atajua kabla ngoma haijapigwa mara ya pili. Akiona ni dhihaka, nitaozea ndani."

"Basi nitakuletea mashuka yaliyopigwa pasi," nikasema. "Lakini ukikataa, Mzee wangu, usinitandikie tena kitanda. Nitalala chumba cha mwanangu mpaka nife."

Alitoka nje, akachukua viatu vyake vya gwaride ambavyo havijavaliwa tangu astaafu, akaanza kuvipiga rangi. Nikajua amekubali.

Mazoezi yalifanyika alasiri, ndani ya ua wa chuo cha mawe, kando ya bwawa lile lile. Nami nilikuwa navuka kila siku na chakula chake kwenye bakuli, nakaa kwenye benchi la mawe, nakodoa macho. Siku ya kwanza nilidhani nitaanguka nikiona yale maji. Sikuanguka. Hasira ilinishika kiuno ikanikalisha wima.

Mkuu wa Chuo alikuwa mtu mkubwa, mchangamfu, wa kushika watu mabega. "Sajenti," alisema, "sisi hatutaki mambo ya kushoto-kulia ya kuruta. Tunataka kitu chenye uzito. Kitu cha kale."

"Kipo cha kale, Mheshimiwa," Kisigino akasema. Uso wake ulikuwa mkavu kama mkate wa juzi.

Basi akawafundisha. Mguu unanyanyuka, unasubiri hewani, unashuka kwa ncha ya kiatu kwanza. Mikono haitikisiki. Kofia inavuliwa, inashikwa kifuani kwa mkono wa kushoto. Kichwa kinainama. "Kwa nini tuiname, Sajenti?" aliuliza profesa mmoja mwenye kitambi. Kisigino akasema ni unyenyekevu mbele ya elimu. Walilipenda jibu hilo kupita kiasi. Halafu akawapanga wanane katikati ya maandamano, wanne huku na wanne huku, na kati yao akaacha nafasi wazi, ndefu, kipimo cha mtu aliyelala.

"Na hapa mbona patupu?" akauliza yule yule mwenye kitambi.

"Nafasi ya waasisi, Mheshimiwa. Waliotutangulia."

Wallahi, mmoja wao alifuta machozi. Watu wale ukiwapa kitu kipya ukawaambia ni cha zamani, wanakibusu. Mkuu wa Chuo aliwekwa nyuma tu ya ile nafasi, peke yake, mahali anapotembea mfiwa mkubwa, naye akashukuru kwa kupewa mahali pa kuonekana. Rafiki yetu wa zamani, mpiga ngoma wa bendi ya jeshi, alikubali kuja na ngoma yake. Aliifunga kitambaa cheusi. Wakamsifu kwamba ameioanisha na majoho.

Na wakifika bwawani, amri ilikuwa kusimama. Ngoma inyamaze. Vichwa vishuke zaidi. Kisha waendelee.

Yule mlezi wa bweni naye alikuwamo. Miwani ile ile. Siku ya kwanza ya mazoezi aliitazama ile nafasi tupu, kisha akanitazama mimi kwenye benchi, kisha akatazama viatu vyake. Yeye alipangwa mbali, mwishoni. Baada ya zoezi akamwendea Kisigino, akasema kwa sauti yake ile ya hospitali, "Sajenti, naomba nisimame katika wale wanane. Mbele, kushoto." Kisigino akambadilishia nafasi. Njiani kurudi nilimlaani mtu yule mpaka nikaishiwa mate. Nilisema, mtazame mshenzi, anataka picha yake itoke gazetini.

Siku ya mahafali niliipiga pasi sare ya mume wangu kuliko nilivyowahi kuipigia nguo yoyote. Ungeweza kujikata kidole kwenye mkunjo wa suruali. Mimi mwenyewe nilivaa gauni nililovaa siku ya mazishi. Tulivuka barabara. Mimi nilipewa kiti cha nyuma kabisa, pamoja na wapishi, na sikujali, maana niliona bwawa lote.

Mbele alikaa Jenerali na maafisa wake, nyuma yao kadeti waliochaguliwa, halafu wazazi na kofia zao za harusi. Jenerali yule alipita mikononi mwa Kisigino ujanani. Alikuwa na mguu wa kulia mzito, na Kisigino alimkimbiza kwa ajili ya mguu huo mpaka ukawa mwepesi.

Ngoma ikapigwa. Ile sauti iliyokufa.

Maafisa walikuwa wananong'ona na kutabasamu. Tabasamu likakatika midomoni mwao kwa pamoja. Majoho yakatokea chini ya tao la mawe, meusi, taratibu, kofia kifuani, vichwa chini, na ile nafasi katikati yao inasogea pamoja nao. Jenerali alikunja uso. Nilimwona anawahesabu wale wanane, anatafuta jeneza, anatafuta bendera. Kisha akamtafuta mtu. Akamkuta Kisigino pembeni ya ua, amewapa mgongo, macho chini, anasikiliza. Nikasema moyoni, sasa ndiyo kwaheri, watamkamata hapa hapa mbele yangu.

Jenerali akasimama. Akaweka sawa koti lake, akapiga saluti, na mkono ukabaki pale.

Maafisa wote wakasimama na kupiga saluti. Kadeti nao wakasimama. Wazazi walipoona wanajeshi wamesimama, nao wakainuka, viti vikakwaruza mawe ya ua, wapishi niliokaa nao wakaacha trei zao wakasimama. Maprofesa waliona kwa pembe ya jicho, na wakavimba kwa heshima waliyodhani ni yao. Mkuu wa Chuo alikuwa analengwalengwa na machozi. Wakafika bwawani. Ngoma ikanyamaza. Chuo kile chote, na mavazi yake yote na waasisi wake wote, kikainamisha kichwa mbele ya yale maji, na hapakuwa na sauti yoyote.

Nilifurahi. Sitafuti neno zuri la kulifunikia. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi, nikakunja ngumi ndani ya gauni, nikasema, tembeeni, mbwa nyie, tembeeni nyuma yake. Na walitembea.

Baadaye watu walikusanyika kwenye majani yale yasiyokanyagwa, kwa chai. Nikaenda nikasimama ubavuni mwa mume wangu. Nilikuwa na maneno yangu ya miaka mitatu tayari mdomoni. Mkuu wa Chuo akaja kwetu mikono imetangulia.

"Sajenti! Umetupa desturi mpya. Tutaifanya kila mwaka, nakuahidi. Kila mwaka!"

Kabla Kisigino hajajibu, Jenerali akafika. Mume wangu akabana miguu.

"Kisigino," Jenerali akasema polepole. "Ulikuwa unamzika nani?"

Mkuu wa Chuo akacheka. "Kumzika? Hapana, Jenerali, hiyo ni nafasi ya waasisi wetu."

"Profesa, mwendo ule na ngoma ile na watu wanane kandokando, sisi tunavitumia kwa kazi moja tu." Hakumtazama hata. "Sajenti, nimekuuliza."

"Mwanangu, afande," Kisigino akasema.

Ndipo nilipotegemea kuuona uso wa Mkuu wa Chuo ukianguka. Hii ndiyo saa niliyoingoja. Lakini uso wake haukuanguka. Ulijaa huruma, huruma ya kweli, akamshika mume wangu bega. "Pole sana, Sajenti, sikujua umefiwa. Lini tena? Kijana alikuwa jeshini?"

Hakumkumbuka. Hakuwa anaficha, hakuwa anajifanya. Mwanangu alifia uani kwake, yeye akalitia saini tangazo, akaendelea na chakula chake, akasahau. Maneno yangu yote yakanikauka. Nitamlipizaje kisasi mtu ambaye hajui alichofanya? Nilisimama pale kama niliyepigwa kofi.

"Hakuwa jeshini, Mkuu." Aliyesema ni mlezi wa bweni. Amesimama nyuma yetu, kikombe mkononi. "Alikuwa wa kwetu. Alikuwa bweni langu. Alifia pale." Akaelekeza kidole kwenye bwawa. "Walimsogeza mpaka katikati kwa sababu aliuliza maswali. Nilikuwa dirishani, ningeweza kupiga kelele na sikupiga."

"Nadhani hapa si mahali pa—" Mkuu wa Chuo akaanza.

"Mwache aseme," Jenerali akamkata.

Hapo ndipo uso ulipoanguka. Nilimtazama Mkuu wa Chuo mpaka akashindwa kunitazama, na sikumwachia. Alianza kukumbuka, na kila alichokumbuka nilikiona kinapita kwenye shavu lake. Watu waliokuwa karibu walikuwa wameacha kutafuna. Mzazi mmoja akavuta mkono wa mwanawe akamsogeza mbali na maji.

Mlezi wa bweni akanigeukia mimi. "Mama, niliujua mwendo ule tangu siku ya kwanza. Baba yangu alizikwa kwa mwendo ule. Siku ya mazishi ya mwanao sikuja. Ndiyo maana niliomba mbele, kushoto, nikasema angalau leo nimbebe. Naomba—"

"Usiniombe," nikamwambia. "Wewe umebeba hewa. Mwanangu alikuwa mzito, na joho lilikuwa limelowa. Kawaulize vijana wa jeshi waliombeba, wao wanajua uzito wake."

Alibaki amekishika kikombe chake, na mimi nikamshika mume wangu mkono tukaondoka. Tulikatiza katikati ya majani yao, makusudi, mimi na visigino vya viatu vyangu vya mazishi. Makubaliano hayakutiwa saini siku ile. Jenerali alimchukua mlezi wa bweni, akaketi naye kwenye chumba cha pembeni pamoja na afisa wa sheria, na nasikia bado wanaitwa mmoja mmoja kuhojiwa, hata waliokuwa wanapiga makofi ukingoni, ambao sasa ni mabwana wakubwa. Waitwe.

Nyumbani Kisigino aliketi barazani akafungua kamba za viatu. Nilimwekea maji ya miguu. Nilijihisi nimeshiba, na chini ya shibe hiyo kulikuwa na kitu kinanikereketa.

"Walikosea?" nikamuuliza.

"Wengi. Yule wa kitambi alichelewa kila hatua. Mkuu wao alikuwa anaburuza mguu wa kushoto."

"Na yule wa miwani?"

Alivipanga viatu vyake sambamba, ncha zikielekea ukutani.

"Yule hakukosea hata hatua moja," akasema. "Alitembea kama kabeba mtu."

Niliwasha pasi ingawa hapakuwa na nguo ya kupiga. "Afadhali angekosea," nikasema.